Shaka amerudi kwenye runinga, safari hii na mama yake

Jina la Shaka, mfalme wa Wazulu, huwezi kulikwepa Durban. Ndege hutua katika uwanja wa King Shaka, uliofunguliwa Mei 2010, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia. Ukienda ufukweni hadi mwisho wa eneo la Point, unakuta bustani ya samaki na michezo ya maji iitwayo uShaka. Ukishika barabara ya kaskazini unaingia wilaya ya iLembe, iliyopewa jina lake la sifa, na makao makuu yake ni KwaDukuza, mji ambako ndugu zake walimuua Septemba 1828. Jina hilohilo la sifa ndilo lililobandikwa kwenye tamthilia ya televisheni inayozungumzwa jiji zima, Shaka iLembe.

Tamthilia hiyo ilianza kurushwa Jumapili ya tarehe 18 Juni 2023, saa mbili usiku, kwenye chaneli ya Mzansi Magic. Msimu wa kwanza una sehemu 12, na wa pili ulianza Juni 2025. Mimi nimeianza kwa kuchelewa, hapahapa Durban, sebuleni kwa mama mmoja wa Umlazi, mwalimu mstaafu, ambaye anaitazama kwa mara nyingine na hakubali mtu azungumze picha ikiwa inaendelea. Kwa hiyo haya ni maoni ya mwanzo tu, ya mtu aliyeona sehemu za awali, tena Mtanzania aliyemjua Shaka darasani, kwenye somo la historia, chini ya mada ya Mfecane, yaani vita na mtawanyiko wa watu wa kusini mwa Afrika zama zile.

Nilikaa kwenye kochi lile nikiwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe una sababu. Vijana wengi hapa wanaiita Game of Thrones ya Afrika. Wanakusudia kuisifu, na ninawaelewa, maana tamthilia ile ya HBO, iliyotolewa kwenye riwaya za George R. R. Martin na kurushwa kuanzia 2011 hadi 2019, iliwafundisha watazamaji wa dunia nzima kufuatilia koo, viapo na usaliti kwa misimu minane. Lakini Westeros, nchi ya tamthilia ile, haipo. Wazulu wapo, Wamthethwa wapo, Wandwandwe wapo, na wajukuu wao wanakaa sebuleni wakitazama. Tatizo la Shaka tangu zamani ni kwamba ameandikwa mno kama mtu wa njozi, na hadithi tamu juu yake zimeshinda habari zake za kweli.

Riwaya kubwa ya kwanza juu yake iliandikwa na Msotho, Thomas Mofolo. Aliimaliza mnamo 1910 hivi, akaipeleka kwa wamisionari wa Morija, wao wakaikalia miaka mingi kwa kuogopa kwamba inautukuza uganga. Ilichapishwa 1925. Ni kitabu cha ajabu, na ninakipenda kuliko riwaya nyingi za fantasia zinazotamba leo. Nyoka mkubwa wa majini anamtokea kijana Chaka akioga mtoni. Mganga aitwaye Isanusi anamkuta njiani akiwa amekata tamaa, anaingia naye mapatano, kisha anamletea wasaidizi wawili, Ndlebe na Malunga. Bei ya ufalme inapanda kila hatua, hadi Chaka anamuua Noliwa, mwanamke anayempenda, ili damu yake itiwe dawani. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, alitoa The Hobbit mwaka 1937. Wakati huo Mofolo alikuwa ameshatangulia kwa Kisotho, miaka 12 kwa hesabu ya uchapishaji, na zaidi ya 25 kwa hesabu ya kalamu.

Isanusi ni mtu wa kubuni, na Noliwa ni wa kubuni. Mofolo mwenyewe alisema wazi kwamba haandiki historia. Waliomfuata ndio waliosahau. Waandishi na watunzi wa michezo ya jukwaani, hadi Senghor kule Senegal, walimchukua Chaka wa Mofolo wakamfanya Shaka, na mganga akabaki nyuma ya kiti cha mfalme kana kwamba aliwahi kukaa pale kweli.

Kisha ikaja runinga. Mwaka 1986, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari na askari wamejaa vitongojini, shirika la utangazaji la serikali, SABC, lilirusha Shaka Zulu, tamthilia ya sehemu kumi iliyoongozwa na William C. Faure. Iliuzwa Marekani na Ulaya. Kwetu ilizunguka kwa kanda za VHS, na watu wa rika langu tukiambiwa Shaka bado tunaona sura ya Henry Cele, na wimbo ulioimbwa na Margaret Singana unarudi masikioni. Cele alikuwa mtu wa hapa, golikipa kabla hajawa mwigizaji, na alifariki hapahapa Durban Novemba 2007. Alikuwa na macho ambayo kamera haikuweza kuyaacha. Lakini hadithi haikuwa yake. Ilisimuliwa kwa mdomo wa Henry Francis Fynn, daktari wa Kiingereza, na mwanzoni tunawaona maofisa wa London na Cape Town wakipanga namna ya kumtuliza mfalme wa Wazulu kwa hila. Wazulu walizungumza Kiingereza. Mwaka 2001 Cele aliitwa tena kuigiza Shaka kwenye filamu nyingine, The Citadel, pamoja na David Hasselhoff, na humo mfalme anachukuliwa utumwani. Hapo historia ilikuwa imeshaagwa kabisa.

Fynn na mwenzake Francis Farewell walikuwa watu wa kweli. Walifika kwenye ghuba hii mwaka 1824 kutafuta pembe za ndovu, na mji walioanzisha ulipewa jina la Durban mwaka 1835, kwa heshima ya gavana wa Cape. Uwanja ulio mbele ya ukumbi wa jiji bado unajulikana kwa jina la Farewell. Shajara ya Fynn, ambayo vizazi vya waandishi waliitegemea, iliandikwa upya kwa kumbukumbu baada ya ile ya awali kupotea. Mwenzao mwingine, Nathaniel Isaacs, alimwandikia Fynn barua mwaka 1832, akimshauri kwamba katika kitabu chake awaonyeshe Shaka na Dingane, ndugu yake aliyemrithi, kuwa wamwaga damu wakubwa kadiri iwezekanavyo, ili kitabu kiuzike. Barua hiyo ipo, wanahistoria wanaijua. Ukiisoma, tamthilia ya 1986 huitazami tena kwa jicho lilelile.

Ndiyo sababu sehemu ya kwanza ya Shaka iLembe ilinishtua kwa jambo dogo: Farewell na Fynn hawapo. Hakuna meli inayokaribia pwani, hakuna Mzungu anayeshuka na darubini ili sisi tuingie nchini pamoja naye. Tunaanza ndani. Watu wanazungumza Kizulu tangu mwanzo, na maandishi ya Kiingereza yamewekwa chini kwa ajili yetu wageni. Mtazamaji wa Kiswahili atapata raha ya pekee, kwa sababu sikio linadaka maneno kila dakika: inkomo, umuntu, inyama, amanzi. Baada ya muda unajikuta unasoma maandishi yale nusunusu tu.

Tena hatuanzi na Shaka. Tunaanza na wazazi wake wakiwa vijana: Senzangakhona kaJama, anayeigizwa na Senzo Radebe, na Nandi wa ukoo wa Langeni, anayeigizwa na Nomzamo Mbatha. Masimulizi ya Kizulu yanasema kwamba Nandi aliposhika mimba, watu wa upande wa mume walijibu kwa dharau kuwa hana mimba, ana mdudu wa tumboni, yule aitwaye ishaka. Mtoto akazaliwa, na tusi likawa jina. Kila mtu aliyesoma habari za Shaka anaijua hadithi hiyo, na kwa kawaida hupitwa haraka ili tufike vitani. Hapa hawaendi haraka. Wanaitengeneza kuwa kesi ya ukoo: nani alitumwa kwa nani, nani alikaa kimya, ng'ombe wangapi walitakiwa, nani alimkodolea macho binti wa watu akapitisha hukumu bila kufungua mdomo.

Mbatha ni mtoto wa KwaMashu, kitongoji cha kaskazini mwa jiji hili. Anacheza Nandi kwa namna ambayo sikuitarajia. Hamfanyi kuwa mama wa huzuni. Anamfanya msichana mwenye kiburi halali, anayejua thamani ya nyumba aliyotoka, na anapoumizwa uso wake haulegei, unakaza. Kuna mahali anasimama mbele ya wakubwa akisikiliza neno la kumkataa, na kamera inakaa usoni pake tu, haiendi kwa msemaji. Yule mama wa Umlazi, ambaye hakutaka mtu aseme neno, hapo alisema mwenyewe. Alisema kwa Kizulu, taratibu, kwamba hivyo ndivyo wanawake wa kwao walivyosimuliana. Katika tamthilia ya 1986 Dudu Mkhize alikuwa Nandi mwenye nguvu pia, lakini alikuwa mama wa mfalme. Hapa ni mtu kabla mfalme hajawepo.

Uzito huo umetoka wapi? Watengenezaji, kampuni ya Bomb Productions, wanasema walitumia miaka kadhaa kuandaa kazi hii, wakishauriana na wanahistoria na nyumba ya kifalme ya Wazulu, wakiwamo Mfalme Misuzulu na Mwanamfalme Mangosuthu Buthelezi, aliyefariki Septemba 2023. Buthelezi aliwahi hata kuigiza mwenyewe: katika filamu ya Zulu ya mwaka 1964 alikuwa Mfalme Cetshwayo, babu wa mama yake mzazi. Lakini kwa maoni yangu hazina kubwa zaidi ipo kwenye kilima cha Berea, hapa Durban, katika nyumba ya zamani iitwayo Muckleneuk. Humo ndimo ilimo maktaba ya Killie Campbell, na ndani ya maktaba kuna karatasi za James Stuart.

Stuart alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Natal, aliyekijua Kizulu vizuri mno. Kati ya 1897 na 1922 alikaa na wazee wapatao 200, akawauliza habari za zamani, akaandika majibu yao, mara nyingi kwa maneno yao wenyewe ya Kizulu. Baadhi yao baba zao walikuwa askari wa Shaka. Colin Webb na John Wright walianza kuzichapa kumbukumbu hizo kwa vitabu mwaka 1976. Ukizisoma unagundua kwamba wazee hawakukubaliana. Mmoja anamsifu Shaka, mwingine ambaye ukoo wake ulitawanywa anamlaani, wa tatu anasema baba yake alimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Hakuna Isanusi humo. Kuna ugomvi wa malisho, ndoa zilizoharibika, ndugu waliogombea kiti cha baba, na njaa. Ninapoitazama tamthilia hii nasikia mwangwi wa sauti hizo, hasa inapokubali kuwapa maadui wa Shaka nyumba zao, mama zao na sababu zao.

Wapo ambao hawahitaji maktaba. Karibu na hosteli ya Dalton, kusini mwa katikati ya jiji, kuna mafundi wanaotengeneza mavazi ya asili kwa ngozi: mikanda, vishada vya mikia ya ng'ombe, na ngao. Nilikwenda huko baada ya kutazama sehemu za mwanzo, maana nilitaka kujua watu wa kazi wanaionaje. Fundi mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti, ngozi ya ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi imetandazwa mapajani, akichanja matundu mawilimawili kwa kisu kifupi. Kisha alichukua ukanda wa ngozi ya rangi nyingine akaupitisha ndani na nje ya matundu yale, toka juu hadi chini, safu mbili. Safu hizo ndizo zinazoishikilia fimbo ya nyuma ya ngao. Hakuinua macho alipoanza kunijibu. Alinieleza kwamba watu wa runinga wamejitahidi, ngao zinaonekana zimekatwa na mtu anayejua, ila yeye anatazama rangi. Zamani ngao za vita zilikuwa mali ya mfalme, zikitunzwa kwake, na kila kikosi kilijulikana kwa rangi ya ngozi yake. Ukichanganya rangi umechanganya majeshi. Alinitajia mahali ambapo anaona wamechanganya. Sina ujuzi wa kumpinga wala kumuunga mkono, lakini nimefurahi kuona kwamba tamthilia ina watazamaji wanaoikagua hivyo. Haiwezi kudanganya sana ikiwa imezungukwa na watu kama hao.

Nisiishie kwenye sifa. Kuna mambo yananikera. Vijiji ni visafi mno. Nyumba za nyasi zinaonekana zimemalizika kujengwa asubuhi ileile, na kila mwili unang'aa mafuta hata kwa mtu aliyelala porini. Ng'ombe ni wachache kwa nchi ambayo utajiri wote ulihesabiwa kwa ng'ombe. Muziki haupumziki: mtu akikasirika ngoma, akihuzunika filimbi. Waganga na ndoto wamo, na sipingi, maana watu wa zama zile waliishi na waganga na ndoto, lakini kuna nyakati moshi na macho yaliyogeuka yanachukua nafasi ambayo ingetumiwa kueleza biashara. Ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, ilikuwa ikinunua pembe za ndovu na kuleta shanga na shaba, na wanahistoria wengi wanaamini ushindani wa biashara hiyo ulichangia kukuza falme za Wamthethwa na Wandwandwe. Shanga zinaonekana shingoni kwa kila mtu. Zimetoka wapi? Hilo lingefaa liwe hadithi.

Kisha kuna hofu yangu kubwa zaidi, ambayo sehemu za mwanzo haziwezi kuijibu. Mwaka 2010, uwanja wa ndege mpya ulipofunguliwa, uliwekwa sanamu ya Shaka iliyochongwa na Andries Botha: mfalme amesimama kati ya ng'ombe, hana ngao wala mkuki. Nyumba ya kifalme ililalamika kwamba Shaka amefanywa mchunga ng'ombe, na kabla ya wiki nyingi kupita sanamu iliondolewa. Nguvu hiyo ya kusema hapana bado ipo. Tamthilia iliyotengenezwa kwa baraka za nyumba hiyohiyo itaonyeshaje mwaka 1827, Nandi alipofariki? Fynn aliandika kwamba katika maombolezo yale waliuawa watu 7,000. Dan Wylie, katika kitabu chake Myth of Iron cha mwaka 2006, ameyachambua madai ya namna hiyo na kuonyesha jinsi yalivyo dhaifu. Hata hivyo, wazee wa Kizulu nao walikuwa na kumbukumbu zao za kifo kile, na si zote ni za upole. Waandishi wa tamthilia wakikubali maneno ya Fynn watakuwa wameturudisha 1986. Wakiliruka jambo lenyewe, watakuwa wametengeneza sanamu nyingine ya uwanja wa ndege. Nandi huyu tuliyepewa, aliyejengwa kwa subira kiasi hiki, anastahili kifo kitakachosimuliwa kwa ukweli wote unaojulikana. Mimi nitaipima kazi nzima hapo.

Sasa nije kwa mtu ambaye Mtanzania anapaswa kumtazama kwa makini kuliko Shaka mwenyewe. Anaitwa Zwide kaLanga, mfalme wa Wandwandwe, na hapa anaigizwa na Wiseman Mncube. Dingiswayo wa Wamthethwa, mlezi wa Shaka, ameigizwa na Thembinkosi Mthembu, kwa utulivu mzuri, lakini Mncube anaiba kila sehemu anayoingia. Zwide wake anacheka mapema mno na kunyamaza muda mrefu mno. Masimulizi yanasema mama yake, Ntombazi, alihifadhi mafuvu ya wafalme waliouawa ndani ya nyumba yake. Ungedhani mtu kama huyo atageuzwa zimwi la hadithi. Hawakufanya hivyo. Wamempa hesabu za kisiasa, na unaelewa kwa nini majirani walikuwa wakichagua kati yake na Dingiswayo.

Nilikuwa nikisikiliza jina hilo kwa sikio la nyumbani. Wandwandwe waliposhindwa na Shaka, mnamo 1819 hivi, makamanda wao walitawanyika. Soshangane alienda kusini mwa Msumbiji ya leo. Zwangendaba wa ukoo wa Jere naye aliondoka na watu wake, akapita Msumbiji, akapigana hadi nyanda za Zimbabwe, akavuka Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, akaendelea kaskazini mpaka Ufipa. Huko alifariki, miaka ya 1840. Watu wake wakagawanyika. Mpezeni akaenda upande wa Zambia, Mbelwa akaenda Malawi, wengine wakapanda hadi Unyamwezi wakaitwa Watuta, na mtemi Mirambo wa huko alijifunza vita kwao. Wengine wakashuka kusini mashariki hadi nchi ambayo leo ni Ruvuma, wakasimamisha falme za Njelu na Mshope. Hao ndio Wangoni wa Songea. Mkuki mfupi na mpangilio wa vita wa pembe za ng'ombe vilifika nao. Hata cheo cha nduna kilifika nao, na Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, aliuachia mji jina lake.

Nikamweleza mama wa Umlazi habari hizo wakati wa matangazo. Alijua kuwa kuna ndugu Malawi, maana Wangoni wa Malawi wanafahamika hapa. Habari za Songea zilikuwa mpya kwake. Aliniuliza kama bado wana majina ya kwao. Nilimtajia machache: Gama, Jere, Zulu, Tawete. Akaniambia niyarudie. Kwenye vinyozi vya Point, ambako Wakongo na Warundi wanazungumza Kiswahili kutwa nzima, kijana mmoja alinishangaa nilipomwambia kwamba Zwide anayemwona kwenye runinga ana uhusiano na watu wa kusini mwa Tanzania. Alikuwa ameitazama tamthilia yote bila kujua.

Sisi Watanzania hatuna tamthilia ya habari hizo za Wangoni. Mwaka 2021 kituo cha Showtime cha Marekani kiliagiza mfululizo wake wa King Shaka, chini ya mwongozaji Antoine Fuqua, kisha kikauacha kabla haujafika kwa watazamaji. Afrika Kusini ilimaliza ya kwake, kwa lugha yake, na fedha zilitoka kwa kampuni ya Kiafrika, MultiChoice, ambayo iliiweka pia kwenye Showmax. Mfano upo. Habari ya Zwangendaba ina safari ya zaidi ya miaka 20, mto uliovukwa jua likiwa limepatwa, mgawanyiko wa watoto baada ya kifo cha baba, na mwisho wake unafika hadi kwenye kamba za kunyongea za 1906. Haihitaji nyoka wa majini. Na anayemtaka nyoka, riwaya ya Mofolo ipo, inasubiri mwongozaji jasiri atakayeitengeneza kama fantasia kamili na kumpa Isanusi jukwaa lake, bila kudai kwamba hiyo ndiyo historia ya Wazulu.

Kwa hiyo uamuzi wangu wa mwanzo ni huu: itazame, anza na sehemu ya kwanza, usirukie vita, na umfuate Nandi. Ukifika kwa Zwide, kaa karibu zaidi na runinga. Na kwenu watengenezaji wa Dar es Salaam, mnaolalamika kila mwaka kwamba hakuna hadithi mpya: pandeni basi la Songea. Makumbusho ya Majimaji yapo, koo zipo, na wazee wanaoweza kuhesabu majina kurudi nyuma hadi Zwangendaba wanapungua kila msimu wa mvua. Nendeni na kinasa sauti kabla hamjaenda na kamera.